Mgongo Ukiumia, Damu Nayo Huumia

(Hotuba iliyotolewa Moshi mbele ya watu wanaoishi na majeraha ya uti wa mgongo, ndugu wanaowatunza, wauguzi na wataalamu wa mazoezi tiba. Imepunguzwa kidogo kwa ajili ya kusomwa.)

Mwenyekiti wa kikao, wazee wangu, akina mama, kaka na dada mlioko kwenye viti mwendo pamoja na mliowasindikiza: kwa mnaostahili shikamoo, shikamooni, kwa wengine, habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumzie maambukizi. Nikiangalia humu ndani naona watu ambao wangeweza kunifundisha mimi somo hilo. Yupo mama hapa mbele ambaye amemgeuza mwanawe kitandani usiku na mchana kwa miaka. Siwezi kusimama hapa nimweleze kidonda cha mgandamizo ni nini. Kwa hiyo habari za kunawa mikono na kusafisha mpira wa mkojo namwachia dada muuguzi atakayenifuata. Mimi nitajaribu kujibu swali ambalo huulizwa sana wodini, mara nyingi kwa sauti ya chini, pembeni: "Daktari, mwanangu aliumia mgongo. Mbona sasa anaumwa mapafu? Mbona UTI haiishi? Anakula, anaoga, tunamgeuza. Tunakosea wapi?"

Mara nyingi hamkosei popote. Nimekuja kusema hilo, na kuonyesha kwa nini nalisema.

Mtu akianguka kutoka kwenye mparachichi, au bodaboda ikampindukia, tunachokiona sote ni miguu isiyosogea na ngozi isiyohisi. Tusichokiona ni kwamba jeraha lile lile limegusa mahali damu inapotengenezwa. Seli zinazopaswa kupambana na bakteria zinaharibikiwa tangu zilipozaliwa, na nyingine hazipati hata njia ya kutoka. Kwa hiyo mgonjwa wa uti wa mgongo ana matatizo mawili kwa wakati mmoja: milango ya maambukizi imeongezeka, yaani mpira wa mkojo, ngozi iliyogandamizwa na kifua kisichoweza kukohoa, na kinga ya ndani imepungua. Milango tumeisema miaka mingi. Kinga tumeisahau.

Tuanzie kwenye uloto, ambao wengine wenu huuita uboho. Ule tunaoufyonza kwenye mfupa wa supu kwa kawaida ni wa njano, mafuta matupu. Mtamu, lakini si huo ninaousema. (Kicheko.) Kwa mtu mzima, uloto wenye kazi ni mwekundu, nao umo kwenye nyonga, pingili za mgongo, mbavu, kidari na fuvu. Humo ndimo damu inamozaliwa. Kila siku hutoka humo seli nyekundu zipatazo bilioni 200. Hutoka pia nyutrofili karibu bilioni 100. Hizi ni seli nyeupe zinazowahi kwanza bakteria wanapoingia. Nyutrofili haikai sana kwenye damu, maisha yake humo huhesabiwa kwa saa, ndiyo maana uloto haupumziki. Na zote hizo zina asili moja: seli shina za damu, ambazo ni chache sana na hujigawa maisha yetu yote. Mwaka 1961 huko Toronto, James Till na Ernest McCulloch waliwapa panya mionzi iliyoua uloto wao, wakawachoma sindano ya uloto wa panya wazima, na damu ikaanza kuzalishwa upya kutokana na seli chache tu. Upandikizaji wa uloto unaofanyika leo, hata hapa Tanzania, unategemea uwezo huo.

Sasa nije kwenye jambo ambalo hata sisi madaktari tulilipita haraka haraka darasani. Ndani ya uloto mna neva. Ni zile neva za simpathetiki, zinazokufanya moyo uende mbio mbwa wa jirani akikurukia. Huziamrishi wewe; zinajiendesha, lakini ubongo huzituliza na kuzichochea, na amri hizo hupita ndani ya uti wa mgongo. Neva hizi huanza safari yao kati ya sehemu ya kwanza ya kifua na ya pili ya kiuno. Ukikatika shingoni, zote hupoteza mawasiliano na ubongo. Ukikatika chini, karibu na kiuno, nyingi zinabaki salama. Naomba mkumbuke tofauti hiyo ya juu na chini, nitairudia.

Neva zinafanya nini ndani ya mfupa? Paul Frenette na wenzake, wakiwa New York, walilifuatilia swali hilo kwa miaka, wakachapisha kazi mbili kubwa mwaka 2006 na 2008. Uloto una seli zinazotoa protini iitwayo CXCL12. Seli shina nazo zina kipokezi chake, CXCR4. Viwili hivyo vikishikana, seli hubaki humo humo. Neva ikimwaga noradrenalini, yaani kemikali inayobeba ishara zake, protini ile hupungua, na baadhi ya seli huachiwa ziingie kwenye damu. Kwa panya waliona hata kwamba kuachiwa huku kuna ratiba, kunapanda na kushuka kufuata mchana na usiku. Kumbe ubongo una mkono kwenye geti la uloto, na mkono huo unapita mgongoni.

Mwaka 2020 Randall Carpenter, Phillip Popovich na wenzao wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio, Marekani, walieleza kinachotokea mkono huo ukikatwa. Walichunguza uloto wa panya waliojeruhiwa uti wa mgongo. Mtu angetegemea kukuta uloto uliolala, hauzalishi. Haikuwa hivyo. Seli shina na watoto wao wa karibu zilikuwa zinajigawa kupita kiasi. Tatizo ni kwamba hazikutoka. Fikirieni standi ya hapa mjini siku chache kabla ya Krismasi: mabasi yamejaa, injini zinaunguruma, makondakta wanapiga kelele, lakini mnyororo wa getini haujashushwa, na huko barabarani abiria wanasubiri gari lisilofika. Watafiti waliwapa panya wale kitu cha kuushtua mwili kana kwamba umevamiwa na vijidudu, jambo ambalo kwa panya mzima hufungua geti mara moja. Kwa waliojeruhiwa, seli ziliendelea kukwama.

Nataka wauguzi na madaktari vijana mlioko hapa mlitafakari hilo. Tumezoea kupima picha ya damu, tukiona seli nyeupe hazijapanda tunatulia: "hana maambukizi makali." Kwa mgonjwa huyu, hasa aliyeumia shingoni au juu ya kifua, nawasihi msikiegemee sana kipimo hicho. Mtazameni yeye.

Watafiti wa Ohio waliendelea. Walitumia dawa iitwayo Plerixafor, ambayo huzuia kile kipokezi cha CXCR4, yaani huachanisha seli na kitu kinachozishikilia. Seli zikatoka, zile changa na zile zilizokomaa. Habari njema. Lakini hawakuishia hapo, na hapa ndipo ninapowaheshimu. Walichukua seli shina za panya waliojeruhiwa, wakazishindanisha na za panya wazima ndani ya mwili wa panya mwingine aliyeondolewa uloto wake, waone zipi zitajenga damu. Za waliojeruhiwa zilishindwa. Maana yake ni kwamba hata geti likifunguliwa, seli zenyewe zimeshachoka kwa ndani. Ndiyo maana wakaliita tatizo hili kushindwa kwa uloto kunakosababishwa na jeraha la uti wa mgongo. Ni jina zito, kwa kuwa kushindwa kwa uloto tumezoea kulisikia kwenye sumu, mionzi na magonjwa ya damu.

Najua mtasema panya si mtu. Ni kweli, na mimi huwa mkali kwa anayenitajia panya halafu aniuzie dawa. Basi twende Norway. Mwaka 2000, miaka 20 kabla ya kazi ya Ohio, Per Ole Iversen na wenzake walipima watu waliokatika kabisa uti wa mgongo. Seli zao za kinga za asili, zile zinazoua seli zilizoambukizwa bila kusubiri kufundishwa, zilikuwa dhaifu. Limfosaiti zao, aina nyingine ya seli nyeupe, hazikuamka vizuri zilipochokozwa. Na seli changa za uloto wao, zilipowekwa maabara zikue, hazikukua kama za watu wasio na jeraha. Hao walikuwa watu, kama ninyi.

Huko Berlin nako, timu aliyokuwamo Jan Schwab iliwafuatilia wagonjwa wapya tangu siku ya ajali. Ndani ya saa 24 za kwanza baadhi ya seli zao nyeupe zilikuwa zimeshuka, zikafika chini kabisa katika wiki ya kwanza. Yaani kinga inaanguka wakati ule ule ambao mgonjwa bado yuko nyuma ya gari akisafirishwa, au amelala kwenye korido akisubiri picha. Kundi hilo hilo lilionyesha mwaka 2017, kwa panya, sehemu ya njia inayopitwa: jeraha likiwa juu sana kifuani, tezi za adrenali juu ya figo hupata ishara zisizo sahihi, homoni ya kotisoli inapanda, noradrenalini inashuka, limfosaiti zinapungua na nimonia inaingia kirahisi. Walipoondoa tezi hizo na kupandikiza nyingine zisizounganishwa na neva, homoni zilirudi sawa.

Kwa hiyo jeraha linaishambulia kinga kwa njia zaidi ya moja, na njia hizo hazifanani. Mara neva ziko kimya mno. Mara nyingine zinapiga kelele mno, na hii ndiyo sehemu inayowahusu moja kwa moja mlioko kwenye viti.

Wenye jeraha kuanzia pingili ya 6 ya kifua kwenda juu mnaijua hali hii: kichwa kinagonga ghafla, jasho la usoni, ngozi inasisimka, presha inapanda vibaya. Chanzo mara nyingi ni kibofu kilichojaa, choo kigumu, kidonda, hata ukucha ulioota vibaya. Kule chini ya jeraha neva zimepata taarifa kwamba kuna jambo, zinajibu kwa nguvu zote, na ubongo hauwezi kuzituliza. Sote tunajua kwamba presha hiyo inaweza kuleta kiharusi. Lakini mwaka 2013 timu ya Popovich ilionyesha kwa panya kwamba vipindi hivyo, vikijirudia, vinakandamiza kinga. Homoni na noradrenalini vinavyofurika kila mara huziua limfosaiti ndani ya bandama. Mwaka 2016 watafiti walipozinyamazisha seli fulani za neva ndani ya uti wenyewe, chini ya jeraha, bandama za panya zilinusurika.

Fikirieni maana yake kwa familia. Tumekuwa tukisema kutoa mkojo kwa wakati ni usafi, ni heshima, ni kulinda figo. Yote kweli. Ongezeni hili: huenda kila kibofu mnachokiwahi kabla hakijapita nusu lita, na kila siku choo kinapotoka kwa ratiba, mnaikinga pia ile kinga yenyewe. Sisemi imethibitishwa kwa binadamu kama ilivyothibitishwa kwa panya. Nasema kama ningekuwa mimi, nisingesubiri ithibitishwe, kwa kuwa jambo lenyewe lina faida hata kama hiyo ya kinga haipo.

Kuna jambo la mifupa nitaligusa tu. Mnajua mifupa ya miguu iliyopooza huwa myepesi, huvunjika karibu na goti kwa kugeuzwa tu kitandani. Seli zinazokula mfupa zinatoka kwenye ukoo ule ule wa seli za damu, na uloto wa mifupa isiyobeba uzito unajaa mafuta. Mfupa na damu ni majirani wa nyumba moja. Somo hilo lina wataalamu wake.

Niwakumbushe pia tulikotoka. Katika Vita Kuu ya Kwanza, inakadiriwa asilimia 80 ya askari waliopooza kwa jeraha la mgongo walikufa ndani ya wiki chache, wengi kwa maambukizi ya mkojo na vidonda. Mwaka 1944 Ludwig Guttmann, daktari Myahudi aliyekuwa amekimbia Ujerumani ya Hitler, alifungua wodi ya uti wa mgongo Stoke Mandeville, Uingereza. Aliamuru kila mgonjwa ageuzwe kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, na kibofu kitunzwe kwa usafi wa hali ya juu. Vifo vikapungua sana. Hakujua lolote kuhusu CXCR4. Alizifunga tu zile njia ambazo bakteria walikuwa wakipita kuufikia mwili usio na ulinzi wa kutosha. Sisi leo tunajua kwa nini mwili ule haukuwa na ulinzi, na bado kazi ya kwanza ni ile ile yake.

Faida yake haiishii kwenye kuokoa maisha. Mwaka 2012 ulichapishwa uchunguzi wa wagonjwa zaidi ya 1,400 wa Marekani. Waliopata nimonia au maambukizi ya jeraha baada ya operesheni walirudisha nguvu za misuli kidogo kuliko wale ambao hawakupata. Kwa hiyo mtaalamu wa mazoezi tiba anayemfundisha mgonjwa kukohoa anaitetea pia miguu yake.

Niseme kidogo kuhusu Plerixafor kabla hamjaanza kuitafuta. Ilianzia kwenye utafiti wa dawa za Ukimwi, kwa sababu baadhi ya virusi vya HIV huingia kwenye seli kwa kupitia CXCR4. Watafiti waliona seli nyeupe za waliopewa zinaongezeka kwenye damu, na mwaka 2008 Marekani iliiidhinisha kwa kazi nyingine kabisa: kuzitoa seli shina kwa wagonjwa wa saratani za damu ili zivunwe kwa ajili ya kupandikizwa. Haijaidhinishwa kwa jeraha la uti wa mgongo. Msikubali mtu awauzie.

Na nikiwa hapo hapo kwenye kuuziwa. Watu wanauza mashamba kwenda nje kuchomwa "seli shina" ili watembee. Ni kweli Japani iliruhusu kwa masharti, Desemba 2018, tiba inayotumia seli za uloto wa mgonjwa mwenyewe, lakini si hizi seli shina za damu ninazozizungumzia leo. Ni aina nyingine. Ruhusa hiyo ilitolewa kwa ushahidi wa wagonjwa 13 tu, bila kundi la kulinganisha, na wanasayansi wengi waliilalamikia. Mtu akikwambia atakuponya, mwulize amelinganisha na nani. Akikasirika, umepata jibu lako.

Naona mikono. Tuchukue maswali mawili, muda umekwisha.

(Baba mmoja aliuliza: Kama kinga imeshuka, si bora kijana wangu awe anameza antibaotiki muda wote?)

Hapana, mzee wangu. Karibu kila anayetumia mpira wa mkojo ana bakteria kwenye kibofu, hata akiwa mzima kabisa. Mkojo kuwa na wadudu maabara, bila dalili, si sababu ya kumeza dawa. Ukizimeza, siku ya ugonjwa wa kweli hazitafanya kazi. Angalia dalili, na kwa kijana asiyehisi maumivu dalili zinabadilika sura: misuli kukakamaa kuliko kawaida yake, jasho lisiloeleweka, homa, uchovu, mkojo kuanza kuvuja katikati ya ratiba. Ukiona hayo, mpeleke siku hiyo hiyo, usisubiri Jumatatu. Na kichwa kikimgonga ghafla pamoja na jasho, mkalishe wima, mlegeze mkanda na nguo, angalia kama mpira umejikunja au kibofu kimejaa, kisha angalia choo. Presha isiposhuka, hospitali.

(Dada mmoja aliyeumia shingoni aliuliza: Chanjo zitanisaidia, au uloto wangu hauwezi tena?)

Swali zuri sana. Mwaka 2007 watafiti wa Ohio waliwachanja panya waliojeruhiwa. Wenye jeraha kwenye pingili ya 3 ya kifua walitengeneza kinga pungufu. Wenye jeraha kwenye pingili ya 9 walitengeneza vizuri. Ile tofauti ya juu na chini niliyowaomba mwikumbuke. Kwa hiyo inawezekana mwili wako ukajibu chini kidogo kuliko wangu. Lakini kujibu chini si kutojibu. Ulizia chanjo ya mafua na ile ya nimokoko, bakteria wanaoleta nimonia, kwa watu wazima haziletwi mlangoni, itabidi uziombe. Na mdogo wako huyo anayekusukuma, achanjwe ya mafua kabla yako, kwa sababu yeye ndiye anayepanda daladala kila siku.